Jinsi ya kuchangia ulinzi shirikishi wa mtaa ili udumu

Vikundi vingi vya ulinzi shirikishi mijini huvunjika mapema, na mara nyingi chanzo ni hela. Walinzi wanadai posho ya wiki mbili, mhazini hapokei simu, wenye maduka wamechoka kubeba mzigo wa mtaa mzima. Sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilipoanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila kaya ilitoa mtu. Mjini mtu wa kulala nje hapatikani, kwa hiyo kaya inatoa hela, na hela ina masharti yake. Maelezo haya yanafuata taratibu za Tanzania.

Anzieni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti aitishe mkutano wa wakazi, ajenda iwe ulinzi tu, na Polisi Kata (askari polisi anayesimamia kata yenu) awepo. Mkutano uamue mambo matatu: kiwango cha mchango, majina ya kamati, na saa za lindo. Muhtasari usainiwe na orodha ya waliohudhuria iambatanishwe, maana bila karatasi hiyo benki haitawafungulia akaunti ya kikundi, na atakayegoma kuchangia atasema hakuna aliyekubali. Kamati ya watu saba inatosha: mwenyekiti, katibu, mhazini na wajumbe wanne, wawili wakitoka kwa wafanyabiashara, na angalau mmoja awe mpangaji. Mwenyekiti wa mtaa asishike fedha. Atakuwa msimamizi na msuluhishi, na msuluhishi mwenye daftari la hela mkononi hasikilizwi.

Sasa bajeti. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tuchukue mtaa wenye nyumba 180 na fremu 35 za biashara. Mkitoza kila nyumba shilingi 5,000 kwa mwezi, vibanda na magenge 20 kwa 10,000, maduka ya kawaida 10 kwa 20,000, na biashara tano kubwa (baa, hadiwea, famasi, wakala wa fedha) kwa 40,000, karatasi itaonyesha 1,500,000. Msipange kwa namba hiyo. Pangeni mkidhani nyumba 65 kati ya kila 100 ndizo zitakazolipa na wafanyabiashara tisa kati ya kila kumi: 585,000 na 540,000, jumla 1,125,000. Wazee wasiojiweza na wajane mtakaowasamehe tayari wamo kwenye hesabu hiyo.

Matumizi yaingie humo. Posho ya mlinzi ikiwa 8,000 kwa usiku, walinzi wanne kila siku kwa siku 30 ni 960,000. Ukiongeza 2,000 ya kiongozi wa zamu kila usiku, chai ya 1,000 kwa kila mlinzi, vocha na kuchaji tochi 30,000, na akiba ya asilimia 10, unafika 1,287,000. Mmeshakwama kabla hamjaanza. Kinachofanya kazi ni walinzi watatu katika siku za kawaida na wanne Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mlinzi mmoja kwa usiku mmoja ikiwa zamu moja, hiyo ni kama zamu 103 kwa mwezi: posho 824,000, kiongozi 60,000, chai 103,000, vocha na chaji 30,000, akiba 101,700. Jumla ni 1,118,700, na inabaki chenji kidogo. Kama kumbukumbu za mtaa wenu zinaonyesha wizi unatokea zaidi katikati ya wiki, au usiku wa mvua na umeme ukikatika, hamisheni yule mlinzi wa nne. Watatu wakiwepo, wawili wanatembea na mmoja anakaa njia panda. Wanne ni jozi mbili. Hakuna anayetembea peke yake.

Mchango wa nyumba uhesabiwe kwa nyumba, usihesabiwe kwa kichwa. Nyumba ya vyumba sita inagawana ile 5,000 kama inavyogawana umeme wa Luku, kila chumba chini ya 1,000, na mwenye nyumba ndiye anayeulizwa. Mkihesabu mpangaji mmoja mmoja mtapoteza siku kumi mkigonga milango ya watu waliohama. Wakazi wakusanyiwe kati ya tarehe 1 na 7, mishahara ikiwa bado ipo. Wafanyabiashara ni tofauti: mama wa genge hana 10,000 kwa mkupuo, lakini 2,500 kila Jumatatu anayo. Mwenye duka la 20,000 atoe 5,000 kwa wiki.

Fedha ipite kwenye akaunti ya kikundi au namba ya simu iliyosajiliwa kwa kikundi. Kusajili kikundi kunataka katiba, muhtasari na barua ya mtendaji, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayewaongoza. Watia saini wawe watatu, na kutoa hela kuhitaji wawili. Wasio na simu janja walipe mkononi kwa wakusanyaji wawili wenye kitabu cha stakabadhi chenye namba na nakala ya kaboni. Kila mwezi bandikeni mapato na matumizi ukutani pa ofisi ya mtaa. Majina ya wasiolipa msiyabandike, wapigieni simu. Na jambo hili lieleweke na kila mkusanyaji: kuingia kwa mtu na kubeba redio au jiko lake kwa sababu hajachangia ni kosa la jinai. Faini inahitaji sheria ndogo ya halmashauri, si azimio la mkutano pekee. Asiyelipa analindwa kama wengine, kwa sababu mwizi anayevunja kwake usiku huu kesho anavuka ukuta.

Wekeni pia kikomo kwa wakubwa. Mchangiaji mmoja asizidi sehemu moja ya kumi ya bajeti, hata akijitolea. Mwenye baa akibeba nusu, baada ya mwezi lindo lote linasimama mbele ya baa yake, na akihamia mtaa mwingine kikundi kinazimika usiku huohuo. Anayetaka kutoa zaidi anunue vifaa. Vya kuanzia ni tochi nne za kuchaji, reflekta sita, makoti manne ya mvua, jozi sita za mabuti, filimbi nne, rungu nne na simu moja ya batani yenye laini ya kikundi. Panga, mishale na bunduki havina nafasi.

Walinzi sita kwenye orodha wanatosha, kila mmoja akipata zamu kama 17, yaani takriban 136,000 kwa mwezi. Waliopitia mgambo wapewe kipaumbele. Kila mmoja alete nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha mbili ndogo, na wadhamini wawili wenye makazi mtaani. Majina yapitie kwa Polisi Kata kabla ya usiku wa kwanza, naye aombwe kuwapa mafunzo. Msianze lindo mpaka bajeti ya mwezi mzima iwe kwenye akaunti.

Posho ilipwe kila Jumamosi, bila kukosa. Mlinzi anayedai hulinda vibaya kwanza, kisha huanza kuomba hela ya soda kwa bodaboda na kwa wapenzi wanaorudi usiku, na mtaa unaanza kumwogopa yeye. Mkisikia malalamiko ya aina hiyo, angalieni kwanza tarehe ya malipo ya mwisho. Zawadi za mkononi kutoka kwa wenye maduka zikatazwe, zote ziende kwenye mfuko.

Lindo liwe saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Njia ibadilishwe kila usiku. Kujua kama wamelala, wekeni vituo vinne, na kila wakipita watume picha ya kituo kwenye kundi la kamati kwa simu ya mmoja wao. Daftari la lindo liandikwe papo hapo, kwa mtindo huu: "Saa 8:20 usiku, kona ya msikiti. Pikipiki haina namba, watu wawili, wamegeuza walipomulikwa. Polisi Kata amearifiwa 8:25." Kuandika "hali shwari" kwa mwezi mzima ni dalili kwamba mtu anajaza daftari asubuhi akiwa kwake.

Sheria ya mgambo ilirekebishwa mwaka 1989 na kuwapa sungusungu nguvu ya kukamata, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake. Zote hazimpi mtu ruhusa ya kupiga. Ukishamkamata mtuhumiwa, piga 112 au kituo cha karibu, andika saa, mahali, vitu alivyokutwa navyo na majina ya mashahidi wawili. Watu wakianza kujaa na mawe mkononi, walinzi wamzunguke, wamtoe kwenye giza, wampandishe bajaji mpaka kituoni. Asilazwe ofisi ya mtaa hadi asubuhi. Mwondoke kituoni na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, iandikwe daftarini, kwa sababu bila hiyo kesi haina pa kufuatiliwa. Mlinzi akijeruhiwa achukuliwe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya hospitali ikiwa hali yake inaruhusu. Akiwa anavuja damu, atibiwe kwanza na PF3 ifuatwe na mwenzake. Gharama itoke kwenye ile akiba ya asilimia 10, siku hiyohiyo, bila kuitisha harambee.