Pilau ya Idi na kanga ya zawadi: mambo ya kumaliza kabla mwezi haujaandama

Mwezi ukiandama usiku wa ishirini na tisa, muda wa kutafuta bizari umekwisha na fundi cherehani hapokei simu. Idi haingoji mtu, kwa hiyo mwenye nyumba anatakiwa awe tayari tangu Ramadhani 28 kana kwamba sikukuu ni kesho. Sikukuu ikipita, watu hukumbuka pilau waliyoila na zawadi waliyoifungua. Zote mbili huharibika mapema: pilau huharibikia kwenye vitunguu, kabla mchele haujagusa sufuria, na kanga huharibikia dukani, kwenye maandishi ambayo mnunuzi hakuyasoma. Anayepika pilau ya Krismasi naye atumie maelezo haya haya, vipimo havibadiliki.

Vipimo vya kilo moja

Kilo ya mchele na kilo ya nyama yenye mifupa hutosha watu wanane hadi kumi. Andaa vitunguu maji nusu kilo (vitano vya wastani), kichwa kimoja kizima cha kitunguu saumu, tangawizi vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba, viazi sita, samli au mafuta robo tatu ya kikombe, na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chakula. Upande wa bizari: bizari nyembamba, ambayo Zanzibar huitwa uzile, vijiko viwili vya chakula, pilipili manga nzima kijiko kimoja cha chai, iliki 12, karafuu 8, mdalasini vijiti viwili vya urefu wa kidole. Kikombe hapa ni cha mililita 250, na kilo ya mchele hujaza vikombe vitano hivi.

Bizari inunue siku chache kabla, nzima, usinunue ya unga. Isugue kidogo kiganjani kisha unuse. Ikiwa harufu haiji mpaka uisogeze puani kabisa, hiyo imekaa dukani muda mrefu, na hata ukizidisha kipimo utaongeza uchungu tu. Nyumbani ichague mawe na vijiti, ikaange kavu dakika moja mpaka ianze kunukia, kisha nusu yake itwange na nusu iache nzima. Iliyotwangwa huingia kwenye mchele wote. Nzima hutoa harufu taratibu pilau ikiwa motoni.

Nyama na supu

Chemsha nyama kwa chumvi, nusu ya kitunguu saumu na nusu ya tangawizi, mpaka ilainike lakini isiachane na mfupa. Ng'ombe huchukua saa moja hadi moja na nusu, mbuzi mchanga hupungua hapo. Kazi hii inaweza kufanywa siku moja kabla. Ipoe haraka, iwekwe kwenye friji pamoja na supu yake, na asubuhi ya sikukuu utakuwa umebakiza saa moja na nusu tu ya jikoni.

Supu ndiyo maji ya pilau, basi ipime. Mchele wa basmati uliolowekwa nusu saa hutaka kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kila kikombe cha mchele, yaani vikombe saba na nusu kwa kilo. Mchele wa Mbeya au wa Kyela usiolowekwa huenda hadi karibu vikombe tisa, lakini umri wake ndio unaoamua: mchele mpya wa msimu hunywa maji machache, wa zamani hunywa mengi. Kama hujawahi kuupika mchele huo, pika kikombe kimoja wiki moja kabla. Supu ikipungua ongeza maji ya moto. Maji ya baridi hukatiza mchemko, na mchele hukaa ukilowa badala ya kuiva.

Vitunguu

Rangi ya pilau hutoka kwenye vitunguu, na hapa ndipo wengi hufanya haraka. Vikate vyembamba na vya unene mmoja, maana chembamba huungua wakati kinene bado cheupe. Pasha mafuta, kaanga viazi kwanza mpaka vishike ngozi ya dhahabu, viopoe. Kisha mimina vitunguu kwenye mafuta hayo hayo, moto wa wastani.

Kwa dakika kama nane za mwanzo havibadiliki sana. Vinatoa maji na kunywea. Maji yakikauka sauti ya sufuria hubadilika, kutoka kwenye kububujika hadi mlio mkavu wa kukaangika, na kingo zinaanza kuwa za manjano. Kuanzia hapo usiondoke. Mwiko uwe mkononi, unakoroga mpaka kwenye kona za sufuria, na ndani ya dakika nyingine nane hadi kumi utaona dhahabu, kisha rangi ya asali, kisha kahawia ya chai kavu bila maziwa. Punguza moto vikiwa hatua moja kabla ya rangi unayoitaka, kwa sababu mafuta ya moto yanaendelea kuvikaanga hata moto ukizimwa. Vikiwa vyeusi na harufu inakereketa koo, vitupe na uanze upya. Inauma kutupa vitunguu nusu kilo, lakini uchungu wake hauondolewi na kitu chochote, na utaiharibu kilo nzima ya nyama.

Vikiiva, tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyobaki, koroga dakika moja, kisha bizari yote, nusu dakika. Bizari iliyotwangwa huungua upesi mno, kwa hiyo mara moja mimina upawa mmoja wa supu. Utasikia mfoko, na ile kahawia iliyoganda chini itaachia na kuwa mchuzi mzito mweusi. Sugua kwa mwiko mpaka vitunguu viyeyuke. Mchuzi huo ndio rangi yako. Pilau ikitoka nyeupe, ujue hatua hii ilifupishwa; kuongeza manjano ya unga baadaye kutakupa wali wa njano, na wageni watajua.

Mchele motoni

Tia nyama, igeuze dakika tano ishike viungo, kisha viazi, kisha supu iliyopimwa. Ichemke, ionje. Iwe na chumvi kuzidi kidogo ile ya supu ya kunywa, kwa maana mchele utainywa. Chuja mchele, umimine, koroga mara moja tu na uache. Kukoroga tena na tena huvunja punje, wanga unatoka, na hilo ndilo bokoboko.

Moto mkubwa mpaka supu ifikie usawa wa mchele na vitundu vidogo vianze kuonekana juu. Hapo funika na upalie: kwenye jiko la mkaa toa makaa mengi chini, bakiza machache, na mengine uyapange juu ya mfuniko. Kwenye gesi weka moto wa mwisho kabisa na frampeni nzito chini ya sufuria ili usiunguze mahali pamoja. Dakika 20 hadi 25, bila kufunua. Ipua, iache imefunikwa dakika kumi zaidi, ndipo uigeuze kutokea pembeni.

Punje zikiwa na kiini, nyunyizia nusu kikombe cha maji ya moto, funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa halafu mfuniko juu (kingo za kitambaa zikunjwe juu ya mfuniko, mbali na moto), na upalie tena dakika kumi. Ikishika chini na harufu ya kuungua ikaja, usikwangue. Hamisha sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine na ukoko uuache ulipo.

Anayepika kilo tano asizidishe supu mara tano. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo, hivyo anza na kikombe kimoja na robo hadi kimoja na theluthi kwa kikombe cha basmati. Mchele ukizidi theluthi mbili za kimo cha sufuria, uzito wa juu huponda wa chini. Sufuria mbili za kilo mbili na nusu zina usalama kuliko moja iliyojaa.

Kachumbari itengenezwe mwisho. Kata vitunguu vyembamba, vifikiche kwa chumvi, vioshe mara mbili ukali utoke, changanya na nyanya na pilipili, kamua ndimu. Chumvi ya pili itie wakati wa kupakua, la sivyo nyanya zinatoa maji na unapeleka mezani bakuli la mchuzi mwekundu.

Na kwa kuwa wageni wa Idi huja kutwa nzima: pilau isilale kwenye sufuria vuguvugu. Kinachobaki baada ya chakula cha mchana kitandaze kwenye sinia pana kipoe, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kikipashwa kitoe mvuke mpaka katikati. Wali uliokaa vuguvugu huumiza tumbo hata kama haujachacha.

Kanga: soma kwanza

Kanga, au leso kama wanavyoiita Mombasa, huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yale maandishi ya chini ya mji. Kama kitambaa hakina pindo wala jina, hicho ni kitenge, zawadi nzuri kwa atakayeshona gauni lakini lugha yake ni nyingine.

Muuzaji hufungua doti haraka na macho huenda kwenye rangi. Mwambie asimame, usome jina lote, kisha jiulize mpokeaji atadhani limemlenga nani. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" inampendeza karibu kila mtu. "Japo sipati tamaa sikati" ni ya mtu anayehangaika na unamtia moyo. Ukimpa mwanamke ambaye hajajaaliwa mtoto, umemchoma. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" na "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" ni mafumbo ya vita. Zivaliwe na aliyezinunua mwenyewe. Kumpelekea wifi au mama mkwe moja ya hizo, hata kwa kupenda rangi tu, ni ugomvi unaoweza kudumu hadi Idi nyingine. Kwa mkwe chagua dua, shukrani au sifa ya mama. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina hadhi ya harusi na haipitwi na wakati. Kwa bibi harusi wa mwaka huo huwezi kukosea.

Ukishalisoma jina, kagua kitambaa. Kunja kipande kimoja katikati: mapindo yakipishana zaidi ya kidole, chapa imekwenda upande na ikifungwa kiunoni itaonekana imepinda. Inue kwenye mwanga uone kama nyuzi zimesongamana, kwa sababu dondo la kiwandani hufanya kitambaa chepesi kionekane kizito mpaka kifuliwe. Sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi kidogo ni kawaida kwa nyekundu na nyeusi. Ikiwa kitambaa hicho cheupe kimelowa rangi chote, acha. Chomoa uzi mmoja ukingoni na uuchome ukiwa nje ya duka: pamba huacha jivu laini na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Pamba hunyonya jasho, na anayevaa kanga jikoni anaijua tofauti hiyo.

Mombasa, Mtaa wa Biashara una duka lililoanza 1887, ambalo kanga zake huandikwa "Mali ya Abdulla". Unguja watu huenda Darajani, na Dar es Salaam Mtaa wa Uhuru na Kariakoo. Nunua kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, wakati bado kuna nafasi ya kufungua doti kumi bila kusukumwa.

Mpelekee fundi akate doti na kupinda ncha, kisha ikunje jina likiwa juu ili lisomwe kwanza. Usiifue, upya wake ni sehemu ya zawadi. Mwambie tu mpokeaji aifue peke yake kwa maji baridi mara mbili tatu za mwanzo na aianike kivulini.

Kwa wanaume, kanzu za dukani huenda kwa inchi: 54, 56, 58, 60. Pima kanzu yake ya zamani kutoka begani hadi chini, usikisie kwa kumtazama. Kofia pima kwa uzi unaozunguka kichwa juu ya masikio. Iliyoshonwa kwa mkono utaijua ukiigeuza ndani: kila kitobo kimezungushiwa uzi na nyuma ni safi karibu kama mbele. Haikamuliwi ikifuliwa, hukaushwa juu ya bakuli lililofudikizwa lenye ukubwa wa kichwa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, na kikapu cha ukili kinapendeza zaidi kuliko mfuko wowote: kanga chini, kipande cha udi kwenye karatasi, halua juu. Halua ifungwe mbali na kitambaa, samli yake hupenya karatasi na kuacha doa. Isiingizwe kwenye friji, inakuwa ngumu. Ikae mahali pakavu penye hewa. Na sahani ya pilau ya jirani itoke jikoni kabla ya wageni hawajaketi, ikiwa bado moto, imefunikwa kawa, na kachumbari kwenye kibakuli chake pembeni.