Kufuga mende ndani: angalia kifuniko kwanza, chakula baadae

Wengi wanaoanza kufuga mende wanahangaika na chakula, wale karoti au tufaa, wakati mende anakula karibu kila kitu na hapo hutapata shida. Kinachofanya watu waache ni mende kutoroka, leo mmoja kesho wawili, mwisho unaoishi nao wanachoka na we mwenyewe unaanza kulala na wasiwasi. Mimi walionitoroka karibu wote hawakutoboa boksi wala nini, walitoka nikiwa nimelifungua mwenyewe nasafisha.

Kwanza jua unafuga mende gani. Duniani kuna aina zaidi ya 4,000 na wanaosumbua majumbani ni kama 30 tu, kwahiyo usikamate hawa wa jikoni ukafanya ndo mbegu, wanaweza kuwa na vijidudu au mabaki ya dawa waliyopuliziwa. Anayeanza namshauri dubia, aina ya mende inayofugwa sana, sababu hawezi kupanda plastiki laini wala kioo, na dume ana mabawa ila kuruka hajui vizuri. Yule wa Madagaska, mkubwa wa sentimita 5 mpaka 7 asiye na mabawa, anayetoa sauti ya sss kwa kusukuma hewa kwenye vitundu vya kupumulia ubavuni, ni mpole na anaishi miaka 2 hadi 5, ila kioo anakipanda kama anatembea sakafuni na watoto wake hivyohivyo. Wote wawili jike anabeba mayai tumboni anazaa watoto wanaotembea, 20, 30 na zaidi kwa mkupuo, ndo maana jike mzima akitoroka usihesabu umepoteza mmoja.

Boksi liwe la plastiki laini na refu kwenda juu. Kata dirisha kwenye kifuniko uweke wavu wa chuma, wa plastiki wanautafuna, na matundu yawe madogo kabisa maana mtoto wa dubia akizaliwa ana milimita chache tu. Ndani chini ya mdomo paka vaselini nyembamba upana wa sentimita 5 hadi 8 kuzunguka boksi lote. Hii vaselini watu wanapaka mara moja wanasahau, afu inashika vumbi, inakauka, mende wanapita juu yake bila shida, kwahiyo ifute upake upya kila ukiona imepauka. Trei za karatasi za kuwekea mayai ya kuku, ambazo mende wanajificha humo, zisimamishe wima ili kinyesi kidondoke chini, na zisikaribie kifuniko, acha kama sentimita 10, la sivyo umewawekea ngazi.

Joto la nyuzi 25 hadi 32 wanazaliana vizuri, chini ya 20 wanasimama. Maji usiweke kwenye bakuli wazi, watoto wanazama, tumia sponji yenye maji au vipande vya mboga, na kilichobaki kitoe kabla hakijaota ukungu.

Sasa siku ya kusafisha, hapa ndo pa kuwa makini. Kama unatumia hita izime masaa kadhaa kabla, mende akipoa anakuwa mzito. Washa taa, ziba tundu la kutolea maji sakafuni, tandika shuka jeupe na uweke boksi katikati, uwe na ndoo ya pili ilopakwa vaselini, afu trei unatoa moja moja unakung'utia ndani ya ndoo, usizitoe zote ukazirundika pembeni. Angalia pia mikono ya shati lako, watoto wanapenda kujibanza huko. Ukimaliza hesabu wakubwa uandike.

Wakitoroka usipulize dawa, tafadhali. Mabaki yake yanabaki kwenye vitu na mikononi, unaenda kulisha unaua boksi zima. Subiri usiku, zima taa, zunguka na tochi sehemu zenye giza na joto, nyuma ya friji, chini ya sinki, karibu na hita. Mtego ni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ndani juu umepaka vaselini, chini kipande cha ndizi mbivu, nje umezungushia karatasi ngumu apate pa kukanyaga. Weka mitego 3 au 4 pembeni ya kuta, iache siku kadhaa mfululizo. Ukikuta mende mweupe usiogope sio aina mpya, ametoka kujivua ngozi na rangi inarudi baada ya masaa machache. Kwenye nyumba kavu yenye baridi dubia aliyetoroka kwa kawaida hazaliani, ila kama kwako ni joto na unyevu endelea kutega mpaka mitego ikae tupu.

Usiwaachie nje hata ukiwachoka, mpe mfugaji mwingine, na kabla hujaanza ulizia sheria ya ulipo, kuna sehemu baadhi ya aina zimekatazwa au zinataka kibali.

Vumbi la kinyesi na ngozi zao linaleta aleji na kuamsha pumu, vaa barakoa na glavu, na usiweke boksi chumba cha kulala, kama nyumbani kuna mwenye pumu mimi ningesema usifuge kabisa. Uchafu ulioutoa usiupeleke jalalani hivihivi, una watoto ambao hujawaona, funga kwenye mfuko ukae kwenye freza siku 2 ndo utupe.