Jinsi ya Kutembelea Michoro ya Miambani Kando ya Ziwa Victoria Bila Kuiharibu

Mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Ukerewe hadi upande wa Bukoba, una majabali yenye michoro ya kale, hasa duara na mistari ya rangi nyekundu au nyeupe. Mengi hayana uzio wala mlinzi, hivyo usalama wa michoro hutegemea mwenendo wa mgeni. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia ninapoongoza wageni.

1. Omba ruhusa kwanza. Anzia kwa mtendaji wa kijiji, kisha msalimu mzee anayelijua jabali. Baadhi ya majabali bado ni mahali pa matambiko, kwa hiyo ukiambiwa uvue viatu, usipige picha au urudi siku nyingine, tii bila kubishana. Usibebe sururu wala kifaa cha kutafutia madini. Imani kwamba Wajerumani walifukia mali na kuweka alama kwenye mawe imesababisha maeneo mengi ya kale nchini kuchimbwa ovyo, na wanakijiji wana haki ya kumshuku mgeni mwenye zana.

2. Panda asubuhi, kabla jiwe halijashika joto. Vaa viatu visivyoteleza na beba maji ya kunywa. Usitegemee ziwa, ambalo lina kichocho. Usiingize mkono kwenye nyufa, kwani humo hukaa nyoka na nyuki. Wingu zito likitanda shuka mara moja, maana ukanda huu una radi nyingi na juu ya jabali huna pa kujikinga.

3. Mbele ya mchoro, mikono ibaki mwilini. Jasho na mafuta ya vidole hudhuru rangi hata pale ambapo mguso ni mwepesi. Kosa baya zaidi, ambalo naliona hata kwa watu wenye nia njema, ni kumwagia mchoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha: maji huondoa chembe za rangi na, yanapokauka, huacha chumvi inayofunika kilichobaki. Badala yake, subiri macho yazoee kivuli, simama kwa pembeni, zuia mng'ao kwa mwavuli, kisha ongeza ukolezi wa rangi kwenye simu baadaye. Tembea polepole ili usitimue vumbi, na usiwashe moto chini ya jabali, kwa sababu masizi hayatoki.

4. Ukiona kigae cha chungu au jiwe lililochongwa, liache lilipo. Mtafiti husoma umri na matumizi yake kutokana na tabaka la udongo na vitu vilivyo jirani, na kikishahamishwa, habari hizo hupotea. Kuchimba bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Piga picha, kisha mjulishe mtendaji ili taarifa ifike Idara ya Mambo ya Kale.

5. Unapochapisha picha mtandaoni, taja wilaya tu na uzime huduma ya mahali kwenye kamera, ili wachimbaji wa hazina wasielekezwe kwenye jabali lisilo na mlinzi.