Jina la mgeni likigeuka skripti: jinsi ya kuziba mfumo wa zamani
Kuna mfumo wa buking wa lodji moja hapa Moshi niliupokea, umeandikwa kwa PHP (lugha ya programu za tovuti) ya kizamani, mgeni akijaza jina anaweza kuchomeka msimbo wa <script> humo, siku meneja akifungua orodha inajiendesha yenyewe na kuondoka na kuki yake (alama inayomtambulisha kwenye mfumo). Sasa usihangaike kuchuja inapoingia tu, uchafu ushalala kwenye databezi miaka yote, dawa iko pale unapochapisha: tafuta kila echo (amri ya PHP ya kuchapisha kwenye ukurasa), iwe htmlspecialchars($jina, ENT_QUOTES, 'UTF-8'), inayogeuza alama za HTML ziwe maandishi tu. Hiyo ENT_QUOTES usiiache aisee, kabla ya PHP 8.1 bila hiyo nukuu moja (') ilikuwa inapita hivihivi. Kuki nazo zipe HttpOnly, skripti isiweze kuzisoma. Halafu jisajili kama <b>Mangi</b>, jina likitokea limekoza wino ujue kuna echo umeiruka.