Amplifaya moja kwa gitaa na besi: nilivyomtafutia mpwa wangu hapa Lamu

Mpwa wangu anapiga gitaa la solo, rafikiye anapiga besi (gitaa la sauti nene), na kazi yao ni harusi. Mzigo wao hupanda boti Mokowe, upande wa bara, ukifika gatini hupakiwa punda, halafu vichochoro. Baada ya msimu mmoja wa kubeba amplifaya mbili akaniuliza, "Mjomba, moja haiwezi kututosha?" Inaweza, ila usiende dukani kabla ya kusoma hapa.

Hatua ya 1: Chagua kwa ajili ya besi, si gitaa

Waya mnene wa besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Ule wa gitaa, mara 82. Spika ya gitaa ina karatasi nyepesi isiyozoea kusukumwa mbali. Chumbani kwa sauti ya chini itavumilia, lakini ipe besi kwa sauti ya harusi uone: kwanza itakoroma, kisha karatasi itachanika au koili, ule waya uliosokotwa nyuma yake, iungue. Mimi nimeshaua moja hivyo, na haikuwa yangu.

Gitaa kwenye amplifaya ya besi haliharibu kitu. Kampuni ya Fender ilipotoa amplifaya ya Bassman mwaka 1952 iliikusudia besi, wapiga gitaa wakaipora, na amplifaya ya kwanza ya Marshall, JTM45, ilinakiliwa kutoka humo. Lakini usidanganyike na hadithi hiyo: zile zilikuwa za vali (taa za kioo za zamani), zikikazwa zinakwaruza vizuri. Amplifaya nyingi za besi za siku hizi ni safi mno, na gitaa likipita humo husikika kama limefunikwa kanga.

Hatua ya 2: Nunua ya kinanda

Ndiyo, ya kinanda. Wenye maduka watakushangaa. Kinanda kina sauti nene na nyembamba zote, kwa hiyo spika yake imejiandaa kwa besi, na ina twita juu, spika ndogo ya sauti nyembamba. Tena huwa na matundu matatu au manne, kila moja na volyumu yake, hivyo wawili wanapiga pamoja bila kugombana. Tafuta spika ya inchi 12 au 15, wati 100 kwenda juu. Inchi 10 ni ya mazoezi.

Soma kibati cha nyuma. Ya mtumba iliyotoka Marekani huenda imeandikwa 120 tu, na ukutani kwetu ni volti 240. Bila transfoma ya kushushia umeme, usiichomeke hata kwa kujaribu.

Hatua ya 3: Pedali ya gitaa

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima.

Gitaa halipendi kuchomekwa moja kwa moja kwenye tundu la amplifaya ya kinanda, mng'ao wake unafifia. Lazima lipite kwanza kwenye pedali ya umeme, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti. Tukanunua ya kazi nyingi. Sauti safi ikatoka tamu. Alipowasha mkwaruzo wa roki, nyuki kwenye mkebe! Dada yangu akafunga dirisha. Nikapunguza treble (sauti nyembamba), nikabadilisha waya, nikalaumu hadi pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi. Wapi.

Kosa halikuwa la kifaa chochote. Spika ya gitaa huzima yenyewe sauti zinazopita herzi 5,000 hivi, na mkwaruzo umezoea kuchujwa hivyo. Spika ya kinanda haichuji, inakurushia makombo yote. Dawa ni kile kiigizo cha spika ndani ya pedali, mara nyingi kimeandikwa CAB. Kiwashe.

Nami nilikuwa nimekiwasha! Lakini pedali nyingi zina mpangilio mwingine, mbali kabisa, unaouliza umechomeka wapi. Yetu ilikuwa inaamini imechomekwa kwenye amplifaya ya gitaa, kwa hiyo ikakizima kiigizo kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya jumla, si ya sauti moja, uchague mixer au line. Saa tisa za usiku, kitufe kimoja, na nyuki wakaondoka.

Tahadhari: siku ukiazima amplifaya halisi ya gitaa, rudisha ulivyokuta, la sivyo utachuja mara mbili na sauti itazibwa kama kwa mto. Na kama pedali yako haina kiigizo, zima twita ikiwa ina swichi. Itapungua ukali, si kupona.

Hatua ya 4: Besi

Chomeka, piga. Ikiwa ni ya betri, chomoa waya ukimaliza, maana ile ya volti 9 huliwa muda wote waya ukiwa ndani.

Hatua ya 5: Volyumu

Panga besi kwanza hadi sauti ya juu kabisa utakayohitaji, ndipo upandishe gitaa. Wote wawili wanagawana wati zilezile, na besi ndiyo mlaji. Ikianza kukoroma, punguza kitufe cha sauti nene kwenye amplifaya kabla ya kumgusa mpiga solo.

Mkirudi nyumbani funikeni kwa shuka kavu. Hewa yetu ya chumvi hutia jeki (ncha za waya na matundu yake) kutu ya kijani, na ukisikia mkwaruzo usiouomba, pangusa hapo kabla ya kumwita fundi.