Darubini ya kutembea nayo: angalia mwanga kabla ya ukuzaji

Kila darubini ya macho mawili ina namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. 8x42 hutoa milimita 5.25, ilhali 10x25 hutoa 2.5 tu. Jua likiwaka juu ya Menengai tofauti hiyo haisumbui, kwani mboni ya jicho imejibana hadi milimita 2 au 3. Lakini ingia msitu wa Kakamega alfajiri, mboni zikiwa zimepanuka, na kwa ile ya 10x25 ndege kama hondohondo aliye kileleni atabaki kivuli cheusi.

Wengi hukimbilia ukuzaji mkubwa, nao ndio unaowaponza. Kinachokuzwa si ndege peke yake, ni pamoja na mtetemeko wa mikono. Mara 8 watu wengi huimudu. Mara 10 huanza kucheza, hasa ukiwa bado unahema baada ya kupanda. Mara 12 na zaidi hutaka stendi. Eneo linaloonekana nalo hupungua, na ndege arukaye ndani ya mafunjo ya Dunga hupotea kabla hujamlenga. Na adhuhuri kando ya Ziwa Nakuru, hewa ya moto hufanya picha icheze hata kwa darubini ya bei ghali. Dawa yake ni kwenda mapema.

Kwa anayenunua moja tu, tunashauri 8x42. Ikiwa utaibeba kutwa nzima Mlima Elgon, 8x32 hupunguza uzito na bado inatoa milimita 4 za mwanga. Zile za kubadilisha ukuzaji ziache: ukipandisha, picha hufifia na kuwa nyembamba.

Dukani, usiamini maandishi kama "100x". Ishike mbali na uso, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha (kamwe si jua), kisha pima kwa rula kiduara cheupe kinachoonekana kwenye lenzi ya jicho. Lenzi ya mbele ikiwa milimita 25 na kiduara kikiwa 3, ukuzaji halisi ni kama mara 8, hata paandikwe nini. Kiduara kiwe mviringo kamili; kingo za kijivu zenye pembe ni dalili ya prizimu (vipande vya kioo vinavyopinda mwanga ndani ya darubini) za bei rahisi. Lenzi zinazong'aa nyekundu kama kioo cha mapambo pia ziepuke, maana hurudisha nje mwanga mwekundu na kuharibu rangi.

Halafu tazama ukingo wa paa la mabati lililo mbali. Ukiona mistari miwili, au macho yakianza kuvuta, prizimu zimehama, mara nyingi kwa kuangushwa. Hii hutokea sana kwa mitumba. Usinunue ukidhani utazoea. Utaambulia kuumwa kichwa.

Mwenye miwani atafute inayoruhusu jicho kukaa angalau milimita 15 nyuma ya lenzi, na avikunje vikombe vya mpira vinavyozunguka lenzi za jicho. Kwa mvua za magharibi mwa Kenya, chagua isiyopitisha maji na iliyojazwa naitrojeni, ili isishike mvuke ndani.

Kuirekebisha: ikunje hadi miduara miwili iwe mmoja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, lenga kibao cha mbali, na uzungushe gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lisome vizuri. Sasa ziba kushoto, na bila kugusa gurudumu, zungusha pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia. Kumbuka alama ya pete. Kuanzia hapo utatumia gurudumu tu.

Vumbi lipulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa cha lenzi. Shati huburuta mchanga juu ya kioo. Nyumbani, hasa Kisumu penye unyevu, usiihifadhi ndani ya mfuko wenye majimaji. Weka kwenye kopo la kufungika pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kuvu ikishaota ndani hula utando wa lenzi, na hapo hata fundi hawezi kuurudisha.