Kuomba shahada ya uuguzi ya mtandaoni ukiwa Dar es Salaam: nyaraka kwanza, fomu baadaye

Mwongozo huu ni wa muuguzi mwenye diploma, aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania (TNMC), anayefanya kazi hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au kwenye zahanati ya mtaani, na anayetaka shahada ya chuo cha nje bila kuacha shifti. Kama bado hujasomea uuguzi kabisa, njia hii si yako. Hakuna chuo makini kinachomtoa mtu kuwa muuguzi kwa kompyuta peke yake. Uingereza, kwa mfano, anayeanza mwanzo hutakiwa kutimiza saa 2,300 za mafunzo kwa vitendo kabla ya kusajiliwa. Ukiona tangazo linakuahidi leseni kutoka sifuri huku umekaa sebuleni Tabata, lipite.

Anza maandalizi wiki 12 kabla ya dirisha kufungwa. Fomu yenyewe ni kazi ya jioni mbili. Wiki nyingine zote zinaliwa na vyeti, mihuri na watu wa kuwasubiri.

Usiombe programu isiyoweza kukuchukua

Programu nyingi za mtandaoni za Marekani kwa wauguzi wenye diploma hudai leseni hai ya jimbo la Marekani. Ya TNMC haihesabiki hapo. Watu hujaza kurasa nne, hulipa ada ya maombi, kisha hukwama kwenye kisanduku cha namba ya leseni. Swali hilo liulize kabla ya yote.

Zinazomfaa zaidi muuguzi wa Dar ni programu za Uingereza za kumalizia shahada, ambazo vyuo huziandika top-up. Shahada ya kawaida ya England ina krediti 360, yaani 120 kwa kila mwaka. Wewe unasoma 120 za mwisho, kwa hiyo ni lazima chuo kikubali kwamba diploma yako inabeba 240 zilizotangulia. Hapa ndipo wengi huachwa, na si kwa sababu ya uwezo wao. Kuna chuo kitaipokea diploma ya NTA 6 (ngazi ya diploma ya hapa Tanzania) kama ilivyo, kingine kitadai moduli za kuziba pengo, na kingine kitaikataa moja kwa moja. Waandikie watu wa udahili barua pepe fupi, ambatanisha transkripti, na uulize mambo matatu: je, diploma hii inatosha kuingia mwaka wa mwisho, je, mwanafunzi anaweza kusoma akiwa Tanzania muda wote, na je, kuna kazi ya wodini inayohitaji msimamizi aliyesajiliwa nchini kwao. Jibu lihifadhi. Siku ofisa mwingine akikwambia vinginevyo, unalo.

Usilipe chochote kabla ya kuhakiki mambo mawili zaidi. La kwanza, chuo kiwe kwenye orodha ya serikali ya Uingereza ya taasisi zenye mamlaka ya kutoa shahada. Kwa Marekani, programu iwe na ithibati ya CCNE au ACEN, mashirika yanayokagua ubora wa elimu ya uuguzi huko. La pili, waulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa maandishi kuhusu utambuzi wa tuzo hiyo, ukitaja jina la chuo, la programu, na kwamba utasoma kwa mtandao. Shahada ya nje bila utambuzi wa TCU itakusumbua siku unayotaka kupandishwa daraja. Ujue pia kwamba top-up haikupi usajili wa kufanya kazi Uingereza. Hiyo ni safari nyingine yenye mitihani yake, CBT (wa kompyuta) na OSCE (wa vitendo).

Kama shida yako ni cheo cha hapa nyumbani tu, pima kwanza vyuo vikuu vya hapa, MUHAS (Muhimbili), Kairuki na Aga Khan. Maombi yao hupitia mtandaoni lakini masomo ni ya darasani na wodini, na mwenye diploma huhitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), pamoja na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Vigezo kamili vya kila chuo vimo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU. Soma toleo la mwaka unaoomba, si la mwaka jana ulilotumiwa kwenye grupu.

Majina

Hiki ndicho chanzo kikubwa cha maombi kukwama, na kwetu ni ugonjwa wa kawaida. Cheti cha kidato cha nne kimeandikwa Asha J. Ali, diploma inasema Asha Juma Ali, TNMC wana Asha Juma Mwinyi kwa sababu aliolewa, na pasipoti ina Asha Ali Juma. Karani aliye Uingereza anaona watu wanne.

Shika pasipoti kama mzizi, kwa sababu ndiyo utakayoonyesha kwenye mtihani wa Kiingereza na kwenye uhakiki wa mwisho. Fomu ijaze kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi. Kisha funga kila tofauti kwa karatasi. Kwa herufi ya kati iliyofupishwa au mpangilio uliogeuka, kiapo cha wakili hutosha. Jina lililobadilika kwa ndoa huhitaji cheti cha ndoa. Jina jipya kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kiapo kitaje majina yote kama yalivyo kwenye kila cheti, pamoja na namba za vyeti. Mawakili wengi hutumia kiolezo kinachosema tu kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja bila kutaja cheti kipi kina lipi, na karatasi ya namna hiyo hurudishwa. Isome kabla ya mhuri kupigwa.

Vyeti na skani

Utahitaji vyeti vya NECTA, cheti cha diploma na transkripti yake, cheti cha usajili na leseni hai ya TNMC, ukurasa wa picha wa pasipoti, wasifu wa kurasa mbili, na mara nyingi barua ya mwajiri. Leseni ikikaribia kuisha, huisha kweli kabla maombi hayajasomwa. Ihuishe kwanza.

Skani kwenye steshenari yenye mashine ya kulaza karatasi, kwa rangi, dpi 300, PDF. Picha ya simu hukata kona na huacha kivuli cha mkono juu ya mhuri, na mhuri ndio wanaoutafuta. Mifumo mingi huweka kikomo cha ukubwa wa faili, mara nyingi MB 2 au 5, kwa hiyo mwombe kijana wa steshenari akupe nakala mbili, kubwa na iliyopunguzwa. Skani pia upande wa nyuma wa transkripti, kwani huko ndiko ufunguo wa alama hukaa. Faili ziite kwa jina lako na aina ya hati, si "scan0007".

GPA yetu ya diploma huhesabiwa juu ya 5, ya Marekani juu ya 4. Usiigeuze mwenyewe. Andika 3.6/5.0 na uache hesabu kwao. Aliyeandika 3.6 peke yake ameonekana ama bora kuliko alivyo ama mdanganyifu, na yote mawili humgharimu.

Kiingereza

Uliza kwanza kama chuo kinakubali barua kutoka chuo chako cha diploma inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vipo vinavyokubali, na hapo umeokoa ada ya mtihani. Wasipokubali, fanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, aina ya Academic, si General Training. Alama zinazodaiwa mara nyingi ni 6.0 au 6.5 kwa jumla, na kiwango cha chini kwa kila sehemu, kwa hiyo jumla nzuri haimwokoi aliyeanguka kwenye kuandika. Matokeo hukubalika kwa miaka 2. Wauguzi wetu huzungumza na husikiliza vizuri. Kinachowaangusha ni kuandika. Mazoezi mengi yaelekeze huko.

Maelezo binafsi

Kwenye programu yenye ushindani, vyeti vinakuingiza kwenye rundo la wanaostahili, na maelezo haya binafsi ndiyo yanayofanya uchaguliwe humo. "Tangu utotoni nilipenda kusaidia watu" limeandikwa na nusu ya waombaji. Msomaji anatafuta muuguzi anayeona tatizo kazini na kulifikiri.

Chukua jambo moja la wodini na ulifuate hadi mwisho. Tuseme uko wodi ya wazazi na umeona partografu, chati za kufuatilia uchungu, zinajazwa baada ya mama kujifungua badala ya wakati wa uchungu. Eleza kwa nini inatokea: mkunga mmoja ana akina mama wengi, na karatasi ziko kwenye meza ya mbali. Eleza ulichojaribu, labda kuzikagua pamoja wakati wa kupokezana shifti. Sema nini kilibadilika na nini hakikubadilika. Halafu taja moduli ya programu hiyohiyo, kwa jina lake, inayogusa pengo ulilobaki nalo. Aya moja ya namna hii inashinda ukurasa mzima wa sifa.

Usitaje jina la mgonjwa, tarehe, namba ya kitanda wala jambo la pekee linaloweza kumtambulisha. Kwa muuguzi, hilo ni kosa la maadili, na msomaji naye ni muuguzi. Usinakili sampuli za mtandaoni pia. Vyuo vina programu za kugundua.

Wadhamini na mwajiri

Mdhamini, yaani mtu wa kukuandikia barua ya mapendekezo, mmoja awe wa kazini, kama Muuguzi Mfawidhi au mkuu wa wodi, na mwingine mwalimu wa chuo. Watoe barua pepe za kazi, si za Gmail. Mpe kila mmoja ukurasa mmoja wenye jina la programu, siku ya mwisho na mambo mawili uliyofanya mbele ya macho yake. Mfumo humtumia kiungo ambacho mara nyingi huangukia kwenye barua taka na huisha muda, kwa hiyo baada ya siku tatu mpigie kwa adabu na umwombe aangalie huko. Usijiandikie barua ukampa asaini. Mtindo wake wa kuandika utafanana na wa maelezo yako, na wanaosoma mamia ya maombi huliona hilo haraka.

Barua ya mwajiri ipitishe ngazi zote mapema, hadi kwa Mganga Mfawidhi. Kama programu inadai kukusanya data kwa wagonjwa, utahitaji kibali cha maadili ya utafiti cha hapa nchini pia. Tungechagua ile ambayo mradi wake wa mwisho ni mapitio ya tafiti zilizokwisha kuchapishwa.

Kutuma, kulipa, kusubiri

Saa 5:59 usiku ya London ni saa 7:59 usiku ya Dar wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa 8:59 usiku wakirudi kwenye saa za baridi. Hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Usitegemee usiku huo hata hivyo. Tuma siku tatu kabla, umeme ukiwepo. Hifadhi PDF ya fomu iliyotumwa na namba ya ombi.

Usaili wa video ukija, kaa chumba chenye mlango, mbali na jenereta, na uwe na bando la simu kama akiba ya Wi-Fi. Usiupange asubuhi ya kutoka shifti ya usiku.

Ukipata nafasi yenye masharti, soma kila sharti na tarehe yake kabla ya kulipa amana. Unapolipa kwa benki, chagua OUR ili makato yote yawe upande wako. Ukichagua SHA (makato ya kugawana), benki za kati hukata njiani, kiasi hufika pungufu, na mfumo wa chuo huandika hujalipa. Namba ya mwanafunzi iwe kwenye maelezo ya muamala. Risiti ya SWIFT itume kwa ofisi ya fedha siku hiyohiyo.